Siku Nilipoikaanga Dawa ya Maabara ya Hadija

Nianze na aibu yenyewe nisiwape kazi ya kuitafuta: mimi Somoe, bibi wa wajukuu kumi na mmoja, mwanamke ninayeogopwa kijiji kizima cha Mitole kwa kukemea watu wanaogusa visivyo vyao, nilisimama mbele ya wazazi wote wa sekondari yetu, mbele ya bodi, mbele ya mwalimu mkuu na miwani yake, nikakiri kwa mdomo wangu kwamba dawa ya maabara waliyokuja kuitazama nimeikaanga. Ndiyo, nimeikaanga, kwenye kikaango cha udongo, juu ya mkaa, kama karanga. Cheka, maliza, halafu nikueleze, maana jambo lenyewe lina utamu wake.

Hadija ni mtoto wa binti yangu wa pili. Alisomea kemia chuo kikuu huko Dar es Salaam, akarudi, na mwaka mzima amekuwa akifundisha sekondari ya hapa kwa kujitolea, yaani anafundisha kama walimu wengine ila ajira hana. Maabara mpya ilipokamilika, mwalimu mkuu akatangaza kwamba bodi ya shule itachukua mwalimu mmoja wa maabara kwa mkataba, na waombaji wakawa wawili: Hadija, na kijana mmoja wa Lindi mjini mwenye vyeti vingi kuliko vya mjukuu wangu. Kila mmoja alipewa siku yake afundishe somo moja mbele ya bodi na wazazi. Yule kijana alishafundisha, somo lake likaenda sawa kama maji mtaroni, akapigiwa makofi. Siku ya Hadija ilikuwa Jumamosi inayofuata. Asipopata, arudi Dar es Salaam kutafuta kazi yoyote itakayomkubali, na mimi nibaki nikizungumza na kuku. Ndiyo maana wiki ile sikulala vizuri hata siku moja.

Sasa hiyo dawa. Mwalimu wake wa chuo alimpa kichupa cha kioo, kina chembechembe za rangi ya zambarau iliyofifia, kama ua la kunde asubuhi. Akanionyesha mezani.

"Bibi, hii inaitwa neodimiamu kloraidi."

"Inaitwa nini?"

"Neodimiamu kloraidi. Neodimiamu ni metali. Kloraidi ni klorini iliyoshikamana nayo."

Alirudia mara nne, ya tano nikaisema mwenyewe, na kwa siku mbili nilikuwa naisema nikichota maji, nikisonga ugali, mpaka ikakaa mdomoni. Akaniambia metali hiyo ni ya kundi linaloitwa metali za ardhi adimu, na uadimu wake si kwamba hazipo, zipo kwenye udongo ila zimetawanyika kidogo kidogo, na zinafanana tabia kama ndugu wa tumbo moja, kuzitenganisha ni shughuli. Akaniambia hiyo neodimiamu ndiyo inayotiwa kwenye sumaku ndogo ya spika ya simu yangu. (Tangu siku ile simu ikilia naitazama kwa adabu.)

Lakini yote hayo si kitu. Jumanne alinipeleka maabara, akatia chembe chache kwenye glasi ya maji, zikayeyuka, maji yakawa waridi lenye uzambarau. Akanitoa nayo nje juani: waridi, zuri, kama kanga mpya. Akaniingiza ndani, akafunga madirisha, akawasha zile taa ndefu za mrija zinazopepesa kabla ya kuwaka, na wallahi maji yakageuka mkononi mwangu! Waridi likaondoka, ukaja ubuluu wa kijani uliopauka. Hakutia kitu, hakukoroga, hakupuliza. Nikapiga kelele. Nikatoka nje, waridi. Nikaingia, kijani. Nilitoka na kuingia mara saba, mwanamke mwenye goti bovu, mpaka Hadija akanishika bega.

"Maji hayajabadilika, Bibi. Neodimiamu inameza baadhi ya rangi za mwanga na kuziacha nyingine zipite. Jua lina rangi zote, taa hii ina rangi chache tu. Kinachobaki kikafika jichoni mwako hakiwi kilekile."

"Na Jumamosi utawaonyesha hivi?"

"Hivi hivi. Halafu nitawauliza kwa nini."

Nikajua kazi imepatikana. Nikazunguka kijiji nyumba kwa nyumba kuwaambia wanawake waje, na asiyekuja asije kwangu kuomba mbegu.

Alhamisi Hadija akasafiri kwenda Kilwa Masoko kuchukua glasi za maabara alizoagiza, akasema atarudi Jumamosi asubuhi moja kwa moja shuleni, mimi nimletee kichupa na daftari. Akaniachia agizo moja tu: "Usikifungue, Bibi. Inakunywa unyevu wa hewani." Nikamwambia, mtoto we, mimi ndiye ninayefundisha watu kutogusa vitu.

Saa kumi jioni akaja Mzee Chilumba. Huyu ni Mmakonde, muuza misumari na saruji, mjumbe wa bodi ya shule, na zaidi ya yote ni mtani wangu, kwa hiyo akija kwangu haji kunisalimu, anakuja kuniudhi.

"We bibi kizee, nasikia mjukuu wako atafundisha mazingaombwe."

"Ni kemia. Neodimiamu kloraidi."

"Umekula nini wewe?"

"Umesikia vizuri. Wenzako tunasoma, wewe kalia misumari."

"Hebu nionyeshe hiyo nyodo-nyodo yako."

Hapo ningesema hapana, na hadithi ingekwisha, na mwenye aibu hii angekuwa mtu mwingine. Lakini mtani akikudharau nyumbani kwako utafanyaje? Nikaleta kichupa. Akakitikisa, akasema kwenye kioo haioni vizuri, ana macho ya uzee. Nikafungua kifuniko. Kidogo tu.

"Hii? Hii sabuni ya unga!"

"Sabuni, mdomo wako ndio unaoihitaji!"

Tukawa tunapigana maneno hapo, mara mvua ikashuka (masika hayapigi hodi), na mimi nilikuwa nimeanika kunde uani. Nikakiweka kichupa kwenye rafu, kifuniko nikakilaza juu bila kukizungusha, nikakimbilia kunde. Mzee Chilumba akakimbilia baiskeli yake. Na kifuniko kikabaki vile vile kimelala, usiku kucha, nyumba imejaa unyevu mpaka kuta zinatoa maji.

Ijumaa asubuhi nikakitazama kichupa. Chembe zimeshikana, zimelowa, chini kumesimama maji ya zambarau kama asali nyepesi. Imetoa jasho!

Sasa mnielewe. Ujana wangu niliumalizia kwenye mashamba ya chumvi kule pwani, nikikwangua chumvi kwa jembe la mbao, nikijua kwa kuigusa tu ipi imekauka na ipi inadanganya. Na huku kwetu masika yakiingia chumvi ya kila nyumba hutoa jasho, na kila mwanamke anajua la kufanya: unaitia kikaangoni, unaigeuza taratibu mpaka ianze kulia chakacha, unaifunga, basi. Nilijua kabisa kwamba hii si chumvi ya kula, sikuwa mjinga kiasi hicho. Nilichojiambia ni kwamba jasho ni jasho. Kimelowa, kikaushe. Kumpigia simu Hadija nikaona ni kumtia mtoto hofu bure, na (niseme kweli) ni kumwambia kwamba nimefungua.

Nikawasha mkaa uani. Nikamimina. Kwanza ikayeyuka yote ikawa uji, unatokota, zambarau tupu, nikasema vizuri, maji yanatoka. Ukaanza kukauka pembeni, nikaugeuza. Nikapuliza mkaa ili imalizike haraka. Mara ikatoka harufu, na si harufu ya moshi, harufu kali ya kuchoma, inaingia puani kama sindano, macho yakatiririka, koo likafunga, nikakohoa mpaka nikashika mti wa mpapai. Kuku wote wakahamia kwa jirani. Nikajifunga kanga puani, nikarudi (kichwa kigumu ndicho nilichojaliwa), nikasema ni uchafu wake unatoka. Mfuniko wa sufuria uliokuwa pale karibu baadaye niliukuta umepata madoa meupe kama ukurutu, na bado nikajiambia labda ni majivu.

Ikakauka! Ikawa unga, mkavu, rangi imepauka kidogo, lakini unatiririka vizuri. Nikafurahi kama nimejifungua. Nikaurudisha chupani, na hapo ndipo nilipoona: umepungua, kwa vidole viwili kamili. Hadija ataona. Chilumba ataniita mwizi wa dawa. Nikasimama hapo na kijiko mkononi, nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikasaga chumvi ya mawe, safi, nyeupe, nikajazia. Nikatikisa. Astaghfirullah.

Jumamosi jua likatoka, alhamdulillah, jua la kuosha macho. Wazazi wamejaa chini ya turubai mbele ya maabara, wanawake wangu wote wamekuja, mimi nimekaa mstari wa mbele na kanga mpya. Hadija akafika na boksi la glasi, amechoka, anatabasamu. Nikamkabidhi kichupa, akakiweka mezani bila kukitazama, maana kimetoka mkononi kwangu.

Alifundisha, jamani! Aliwauliza watoto kwa nini jani ni kijani, akawachekesha, akawafikisha taratibu mpaka kila mtu amenyoosha shingo. Mwalimu mkuu alikuwa ameacha kuandika, anasikiliza. Kisha Hadija akasema, "Sasa tazameni maji haya yatakavyokuwa waridi," akatia kijiko cha unga kwenye glasi, akakoroga.

Maji yakawa meupe.

Meupe, mazito, kama ya kuoshea mchele. Akakoroga tena. Unga ukashuka chini, ukakaa. Akachukua glasi nyingine, maji mengine, kijiko kingine. Meupe.

"Hilo tui hilo, mwalimu!" Mzee Chilumba akapaza sauti kutoka kiti cha bodi. "Lete wali tule!"

Turubai zima likacheka. Hadija naye akajaribu kucheka, lakini alikuwa ameshafungua daftari, anatafuta alipokosea. Mwalimu mkuu akavua miwani.

"Mwalimu Hadija, ulilijaribu jambo hili kabla?"

"Nililijaribu, mwalimu. Jumanne. Lilifanya kazi."

"Basi leo kuna nini?"

"Sijui," akasema. "Huenda nilikosea mimi."

Wenzangu, hakunitazama. Laiti angenitazama kwa jicho la kunishuku ningejikaza, ningenyamaza, nafsi yangu naijua. Lakini hakunitazama kabisa, maana haikumpitia hata akilini kwamba bibi yake anaweza kumfanyia hivyo. Alikuwa anatafuta kosa mikononi mwake mwenyewe. Nikajikuta nimesimama.

"Hakukosea yeye. Nimeikaanga."

Vichwa vyote vikanigeukia.

"Umefanya nini, mama?" mwalimu mkuu akauliza.

"Ilitoa jasho, nikaikaanga. Kikaangoni. Jana."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Kuna mwanamke aliyetoka nje ya turubai kwa magoti. Mzee Chilumba alikuwa anapiga meza kwa viganja vyote viwili, "Amekaanga kemia! Amekaanga kemia!" na mimi nimesimama pale, kanga mpya, jasho linanitoka mimi sasa. Nikataka ardhi ya Mitole inifunike na mbegu juu yangu.

Hadija hakucheka. Akanitazama kwa mara ya kwanza, na uso wake haukuwa wa hasira, ulikuwa uso wa mtu anayepiga hesabu.

"Bibi, ilipokauka ilitoa harufu?"

"Ilitoa. Ya kuchoma. Kama maji ya betri ya gari. Nilikohoa mpaka nikashika mpapai, na mfuniko wa sufuria umeota madoa."

"Kwanza iliyeyuka?"

"Ikawa uji."

Akageuka kwa wanafunzi, na sauti yake ikarudi, tena imerudi na nguvu mpya. "Andikeni! Hili halikuwa kwenye somo langu, lakini ni kubwa kuliko somo langu. Neodimiamu kloraidi huwa imeshikamana na maji. Ukiyatoa maji hayo kwa moto mkali hivi hivi, hayaondoki peke yake, yanaondoka na sehemu ya klorini, na vikitoka pamoja vinakuwa gesi ya asidi. Hiyo ndiyo iliyomchoma Bibi pua, hiyo ndiyo iliyokula mfuniko wake. Mahali pa klorini iliyoondoka panakaa oksijeni. Kinachobaki si kloraidi tena, ni oksikloraidi, nayo haiyeyuki majini. Ndiyo maana mnaona tui."

Kicheko kikafa chenyewe. Watoto wanaandika mbio.

"Inaweza kurudi ilivyokuwa?" mwalimu mkuu akauliza, amesogea mpaka mezani.

"Tukiirudishia asidi iliyoipoteza, inapaswa kurudi. Sijawahi kuifanya kwa ile iliyokaangwa na bibi." Akanigeukia. "Kabla sijaanza. Kuna kingine, Bibi?"

Mungu ananijua, nilitaka kusema hakuna.

"Kuna chumvi."

"Chumvi gani?"

"Ya mboga. Ilipungua, nikajazia."

Sitawaeleza kelele zilizofuata. Mzee Chilumba alilia machozi, akaomba leso kwa mjumbe mwenzake. Hata mwalimu mkuu aligeukia ukuta wa maabara, mabega yakitikisika. Lakini Hadija akasema tu, "Chumvi haina rangi, itabaki humo majini, haitatuzuia," akavaa miwani ya plastiki na glavu, akawasogeza watoto nyuma, akaingia maabara akatoa chupa ya asidi hidrokloriki kabatini, akawasha taa ya spiriti, akaipasha moto ile glasi taratibu.

Tone moja. Hakuna kitu. Tone la pili, la tatu, anakoroga. Hapakuwa na anayecheka sasa, watu wamesimama juu ya viti. Mimi midomo inasoma kila sura ninayoijua. Tone la kumi, weupe ukaanza kuwa mwepesi, unaona mkono wa Hadija upande wa pili, kisha vidole, kisha kucha. Na kutoka ndani ya ule weupe, taratibu, kama mtu anayerudiwa na damu usoni baada ya kuzimia, likaja waridi.

"Limekuja!" nikapiga kelele. "Limekuja, jamani, tazameni!"

Akaiinua juani. Waridi! Akaingia nayo maabara, watu wakasukumana mlangoni, madirisha yakafungwa, taa zikapepesa, zikawaka, na maji yakawa yale ya buluu na kijani. Shule nzima ikaguta. Wanawake wangu wakapiga vigelegele ndani ya maabara, sidhani kama vimewahi kupigwa humo. Mzee Chilumba alitoka na glasi nje, akarudi ndani, akatoka, akarudi, mpaka mwalimu mkuu akamnyang'anya.

Bodi ikajifungia ofisini. Nilikaa chini ya turubai peke yangu, hakuna aliyenisogelea isipokuwa kwa kunikonyeza. Walipotoka, mwalimu mkuu akasema mbele ya wote, "Yule mwenzako alitufundisha vizuri kitu kilichokwenda sawa. Wewe umetufundisha kitu kilichoharibika mbele yako, na ukajua kimeharibika wapi. Maabara ya shule hii itaharibikiwa mara nyingi. Jumatatu njoo usaini mkataba." Akanitazama mimi. "Na bibi yako asiingie maabara bila mtu wa kumshika mkono."

Nilidhani nimepona. Hatukuwa tumefika hata nyumbani, Hadija akasimama njiani na boksi lake, akaanza kulia.

"Ile gesi, Bibi. Ungezidi kuivuta ungeharibu mapafu. Ningekuja Jumamosi nikakukuta umelala uani. Ungeniambia tu, hata kwa simu! Ningekosa kazi, basi. Nani amekwambia kazi ni kubwa kuliko wewe?"

Mimi, ambaye kwa miaka sabini nina jibu kwa kila mtu, nikampokea boksi. Nikamwambia nisamehe, mwanangu. Neno hilo silitumii sana, likanikwama kidogo, lakini likatoka.

Basi nimeapa, na mniwekee ushahidi: kitu cha mtu sikifungui, nikikifungua nasema, na nikiona kinatoa jasho nakiacha kitoe jasho lake mpaka mwenyewe aje. Kukemea watu sijaacha, ila sasa nikianza tu kumkemea mtu kwa kugusa cha mwenzake huniuliza kama nimeshakula, au anikaangie.

Na Jumatatu ile, Hadija alipokwenda kusaini, nilimsindikiza mpaka getini tu. Wakapita wanafunzi wanne wa kidato cha pili, wamenyooka, wana adabu zote, mikono nyuma.

"Shikamoo, Bibi Oksikloraidi."

Nikafungua mdomo niwamalize. Nikawatazama. Walikuwa wamelitamka sawasawa, herufi kwa herufi, bila kukosea.

"Marahaba," nikasema.